Makopo Saba: Shajara ya Msako wa Familia, Uyole, 2024

Jumamosi, 1 Juni

Shule zimefungwa, na mume wangu ametimiza ahadi aliyokuwa akiiahirisha tangu Pasaka: tunaanza mradi wa kuficha makopo na kuyatafuta kwa simu. Mimi nimepewa ukarani kwa sababu, kwa maneno yake, mhasibu hawezi kuacha jambo liende bila daftari. Nimekubali kwa sharti kwamba nitaandika yaliyotokea, si yale ambayo tungependa yawe yametokea.

Mchezo huu, ambao wenyewe huuita jiokeshingi, ulizaliwa Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 serikali ya huko iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yanayotumiwa na raia, na vipimo vilivyokuwa vikikosea hata mita 100 vikaanza kukosea mita chache. Kesho yake, tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alipeleka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaitia vitu vidogo vidogo na daftari, kisha akatangaza namba za mahali pale, yaani latitudo na longitudo, ili mwenye kutaka akaitafute. Watoto wamefurahishwa zaidi na habari kwamba ndani ya ndoo ile mlikuwa na kopo la maharage.

Leo makopo ya namna hiyo yamepita milioni 3 duniani, lakini ukiisogeza ramani yake hadi kwetu Nyanda za Juu Kusini unakuta alama chache, tena zilizotawanyika mbali mbali. Familia ya huku ikitaka kutafuta, haina budi ianze kwa kuficha. Tumekubaliana familia tatu: sisi wa Uyole, pembeni ya mji wa Mbeya, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni mpima ardhi na anaishi mjini na watoto wake wawili, na dada yangu wa Iringa. Kila familia itaficha na nyingine zitatafuta. Lengo ni makopo saba kabla ya mvua za Novemba. Sheria tumeziazima kwa wenyewe: hatuchimbi ardhi, hatuweki chakula, kila anayefika anaandika jina na tarehe kwenye daftari la ndani, na anayechukua kitu anaacha chenye thamani ileile au zaidi.

Mama yangu, aliyeko kijijini Rungwe, alipoelezwa kwa simu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kombolela, ila anayejificha ni kopo." Sisi tunauita msako.

Jumamosi, 8 Juni

Kopo la kwanza limefichwa kwenye mikaratusi nyuma ya mtaa wetu, katikati ya mawe matatu. Ni kopo jeupe la lita moja lenye mfuniko unaobana vizuri. Kijana wetu wa miaka 11 ndiye aliyesoma namba na kuwatumia binamu zake wa mjini.

Saa moja baadaye shemeji alipiga simu akicheka. Simu yake ilikuwa ikimwelekeza zaidi ya kilomita 40 kutoka Uyole, upande wa Chunya. Ilituchukua muda kugundua kosa. Wachezaji huandika mahali kwa digrii na dakika, na kijana alikuwa amesoma digrii 8 na dakika 55 kusini, akaandika 8.55 kana kwamba digrii moja ina dakika 100. Longitudo nayo aliifanyia hivyo hivyo. Baba yake alimweleza kwa saa ya ukutani: saa nane na dakika thelathini ni saa nane na nusu, na ukiandika 8.30 kwenye kikokotoo, hiyo si nusu. Aliielewa papo hapo, na nadhani ni mara ya kwanza kuona vipande vya sitini vikimwingia bila machozi.

Kwa walio makini: tarakimu ya tatu baada ya nukta ya dakika ni chini kidogo ya mita 2 ardhini. Kosa la tarakimu hiyo linakupeleka upande wa pili wa mti. Kosa la kijana wetu lilikuwa la nauli.

Jumatatu, 17 Juni

Kopo la kwanza limeibwa, ingawa nasita kuliita tukio hilo wizi. Limekaa siku tisa. Aliyelichukua alimimina vitu vyetu vyote juu ya jiwe, daftari akalikunja na kulikandamiza kwa kokoto lisipeperuke, akaondoka na kopo tu. Sina namna ya kumlaumu. Kopo la lita moja lenye mfuniko mzima ni mali: ni la chumvi, la mbegu, la samli. Tulichokuwa tumekifanya ni kuweka chombo kizuri porini na kutegemea kwamba hakuna atakayekihitaji.

Mume wangu amemwendea fundi bomba, akakatiwa kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, upande mmoja ukafungwa kwa gundi na wa pili ukawekewa kofia ya kufungua kwa kuzungusha. Kinapendeza kama kifaa cha choo. Hilo ndilo tulilolitaka.

Jumamosi, 22 Juni

Hatukuona. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu siku hii ilitugharimu amani ya nyumba kwa karibu wiki nzima.

Shemeji alificha kopo la pili kwenye kivuko cha kijito, chini ya mlima Loleza. Alipofika pale simu yake ilikuwa imeisha chaji, na kwa kuwa ni mtu wa kazi hizo, alirudi nyumbani, akafungua ramani yake ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000, akakiona kivuko kimechorwa na akasoma namba zake kwa rula. Alitutumia namba zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Tulizifuata. Zilitupeleka kwenye mteremko mkavu usio na kijito wala kivuko, na tukakaa hapo saa tatu.

Saa ya kwanza ilikuwa ya furaha. Saa ya pili kitinda mimba wetu, mwenye miaka 6, alikaa chini na kukataa kusimama. Saa ya tatu mume wangu alikuwa akipindua mawe ambayo mtu mzima hangeweza kuficha kitu chini yake, binti yetu wa miaka 15 alikuwa ameshasema mara mbili kwamba ana kazi za kufanya nyumbani, na mimi nilitamka neno "upuuzi" mbele ya watoto. Tulirudi kimya kwenye bajaji moja.

Shemeji alipouona ujumbe wetu alijishika kichwa. Ramani zile za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, uliokadiria umbo la dunia kwa namna yake, ilhali simu zote hutumia WGS 84, ambao ndio mfumo wa setilaiti. Namba zilezile, zikisomwa katika mifumo hiyo miwili, zinaangukia sehemu mbili tofauti. Kwa eneo letu tofauti inazidi mita 200, na sisi ilitupeleka kaskazini-magharibi ya kijito. Shemeji hubadilisha mfumo kila siku kazini bila hata kufikiri. Siku aliyowafichia watoto kopo, alisahau.

Jumapili alitupeleka mwenyewe. Kopo lilikuwa pale, limekaa vizuri chini ya gogo. Kijana aliandika "Tumeona", kisha akaongeza "jana hatukuona kwa sababu ya 1960", sentensi ambayo sitaki irekebishwe.

Jumamosi, 6 Julai

Kopo la tatu, Loleza kwenyewe. Mlima una mita 2,656, na kwa baridi ya Julai tulianza kupanda tukiwa tumevaa kila tulichonacho. Kitinda mimba alipanda kwa miguu yake zaidi ya nusu ya njia. Binti alikuja bila kulalamika. Kule juu, mbali kidogo na minara ya mawasiliano, tulikaa tukatazama mji wote wa Mbeya kama kitambaa kilichoanikwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyeitoa simu mfukoni.

Tulificha bomba kwenye ufa wa mwamba. Simu huwa inakosea kama mita 5 penye anga wazi, lakini ukuta wa jiwe ukifunika nusu ya anga, setilaiti zinabaki chache na namba zinayumba. Usomaji wetu wa kwanza na wa tatu ulitofautiana mita 12. Tulisoma mara kumi, tukatafuta wastani. Hiyo kazi nimeifanya mimi, na nimeifurahia kuliko ninavyopaswa kukiri.

Jumamosi, 13 Julai

Tumekwenda kwa mama, kama kilomita 60 kutoka Uyole kuelekea Tukuyu. Kopo la nne limewekwa chini ya mkuyu ulio kwenye mpaka wa shamba la jirani yake. Huku mvua haina msimu wa kupumzika, kwa hiyo daftari limeingia kwenye mifuko miwili ya plastiki na kalamu ya wino nimeibadilisha kwa penseli, maana wino ukilowa unatoroka. Watoto wetu watatu na binamu zao wawili waliandika majina yao kamili kwa zamu. Safari imekuwa nzuri. Ndizi tumekula mpaka tukashindwa kuinama.

Alhamisi, 18 Julai

Mama amepiga simu saa kumi na moja jioni. "Mwanangu, njoo mwenyewe. Si jambo la simu."

Jumamosi, 20 Julai

Kijana mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alilikuta kopo siku ya Jumatano. Jioni ileile lilikuwa limefika kwa mwenyekiti wa kitongoji, likiwa limefungwa kwenye jani la mgomba, na hakuna aliyekuwa tayari kulishika kwa mkono mtupu.

Naomba msomaji wa shajara hii atazame pamoja nami vilivyokuwa ndani, ambavyo nilivipanga kwa mikono yangu mwenyewe: ufunguo wa zamani usio na kufuli, kioo kidogo cha kopo la poda, shanga nyekundu, uzi mwekundu uliofungia shanga hizo, sarafu ya zamani ya senti hamsini, na karatasi yenye majina kamili ya watoto watano, kila jina na tarehe yake. Vyote hivyo ndani ya chombo kilichozibwa, chini ya mkuyu, kwenye mpaka wa shamba la mama wa watu, ambaye ni mjane. Ningelikuta mimi kitu hicho kwenye mpaka wangu, sijui kama ningengoja jani la mgomba.

Tulikaa kwenye mabenchi nje ya nyumba ya mwenyekiti. Walikuwapo wazee wanne, kijana mkata majani, mama yangu ambaye hakunitazama usoni, na bibi mwenye shamba. Nilimwamkia kwa kupiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Majina haya ni ya watoto wa nani?"

"Wangu watatu, bibi, na wawili wa shemeji yangu."

"Nani aliyeyaandika?"

"Waliandika wenyewe. Ni mchezo, bibi. Mmoja anaficha, wengine wanatafuta."

Alikaa kimya kidogo. "Mchezo wa kuficha naujua. Nimecheza. Aliyefichwa na anayetafuta wote wanajua kwamba wanacheza. Mimi mmenificha nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa ninapoandika sina. Mume wangu alianza kueleza habari za setilaiti, na mzee mmoja akamwinulia kiganja kwa upole.

Mwenyekiti ndiye aliyetuokoa. Alisema maneno hayaonyeshi mchezo, basi uchezwe. Watoto waliingizwa ndani ya nyumba, yeye mwenyewe akaenda kulificha kopo nyuma ya zizi, shemeji akasoma namba, na kitinda mimba akatolewa nje akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. Benchi zima lilimfuata. Alizunguka zizi, akapita kopo, akarudi, akalipita tena. Simu ilikuwa imekosea mita 4 na yeye alikuwa akiiamini kuliko macho yake. Wazee walivumilia mara mbili. Mara ya tatu kijana mkata majani hakuweza kujizuia: "Huko! Huko nyuma yako!" Watu wote wakacheka, na bibi alicheka wa mwisho, kwa kuziba mdomo na kona ya kitenge.

Uamuzi ulikuwa kwamba uzi, shanga na kioo virudi Mbeya, karatasi ya majina tuichome wenyewe mbele yao, na kopo, kama lazima libaki kijijini, likae kwa bibi, chini ya uchaga wa kuni nje ya jiko lake, ili mtu akija kutafuta apite kwanza mlangoni na kusalimu. Bibi aliomba penseli. Aliandika jina lake kwenye ukurasa mpya kwa herufi kubwa, polepole, na ilipofika zamu yangu kumshukuru nilisema "ndaga fijo" mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumamosi, 27 Julai

Mjadala wa familia, nyumbani kwetu, shemeji akiwapo. Mume wangu anashikilia kwamba siri ndiyo mchezo wenyewe: wachezaji duniani kote hujitahidi wasionekane na wapita njia, na kopo linalojulikana na jirani si kopo tena bali ni kibanda cha posta. Ana hoja. Kwenye msitu wa Oregon mtu anaweza kutembea siku nzima asikutane na mwenye shamba.

Mimi nimesema, na naandika hapa kwa kuwa kalamu ni yangu, kwamba kwetu hakuna kichaka kisicho na mwenyewe. Pale tunapopaona ni pori pana mwenye kuokota kuni, mwenye nyuki, mwenye kukata majani, na kila mmoja anajua mawe yake yalivyokaa jana. Wa kufichwa ni watafutaji. Wenyeji hatuna haki ya kuwaficha.

Tumepiga kura: nne kwa moja, mume wangu akiwa peke yake, kitinda mimba akiwa amepiga kura mara mbili na kura yake moja kukataliwa. Kuanzia leo kila kopo lina mlezi, yaani mtu wa pale anayejua lilipo na amekubali. Kila kopo linaandikwa kwa rangi, kwa Kiswahili, "MCHEZO WA WATOTO", na namba ya simu ya mume wangu. Jina kamili haliandikwi ndani. Kila mtu amechagua jina la msako: binti ni Parachichi, kijana ni Kiazi, kitinda mimba ni Mwewe. Kopo la kwanza limerudi kwenye mikaratusi likiwa kwenye bomba lake baya, na mlezi wake ni fundi baiskeli wa kona.

Jumamosi, 10 Agosti

Kopo la Loleza limetafunwa na panya. Kofia ya bomba imeliwa pembeni kama biskuti. Baada ya mahojiano mafupi, Mwewe amekiri kwamba tarehe 6 Julai aliacha karanga ndani "za mtu atakayefika amechoka". Sheria ya chakula inajieleza. Sikuweza kumgombeza.

Parachichi hakuja. Tangu Nane Nane ana marafiki wapya na msako umekuwa jambo la watoto.

Jumamosi, 24 Agosti

Namba tano haina kopo. Wachezaji wa jiokeshingi wana aina ya msako, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo haifichi chochote: unapewa namba za mahali penye jambo la kijiolojia, unafika, unatazama, unajibu maswali. Tuliona inafaa mahali pa urithi pasipostahili kuchokonolewa, tukaenda kwenye kimondo cha Mbozi, kijiji cha Ndolezi, mkoa wa Songwe.

Nilikuwa nimekiona nikiwa shuleni na nilikumbuka jiwe kubwa tu. Safari hii nilikitazama vizuri. Kina urefu wa kama mita 3, ni cheusi chenye wekundu wa kutu, na ukikigonga kwa pete ya ndoa kinalia kama reli. Ni chuma kwa sehemu kubwa, pamoja na nikeli. Kilipojulikana kwa wageni mwaka 1930 sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya ardhi. Walichimba handaki kukizunguka wakaacha nguzo ya udongo katikati, na nguzo hiyo baadaye ikaimarishwa kwa zege. Hicho ndicho kiti kinachokalia mpaka leo.

Swali la Kiazi kwa watakaokuja ni zuri kuliko nilivyotarajia. Aliwasha dira ya simu akiwa kwenye nyasi, akatembea polepole hadi akakigusa kimondo, macho yake yakiwa kwenye mshale. Hatua za mwisho mshale ulianza kusita, ukageuka upande, na alipoizungushia simu kile chuma ukawa unamfuata kama mbuzi anayefuata chumvi. "Mama, kaskazini imehama." Aliandika swali: kaskazini inahamia wapi ukisimama upande wa mashariki wa kimondo, na kwa nini? Simu ilihitaji kurekebishwa dira upya kabla ya kurudi, jambo ambalo tuligundua baada ya kwenda mwelekeo usio wetu kwa dakika kumi.

Jumapili, 15 Septemba. Iringa

Zaidi ya kilomita 300 kwa basi, watoto watatu, viti viwili. Dada yangu ameficha kopo la sita kwenye njia ya kupandia Gangilonga, lile jiwe linaloutazama mji ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe liongealo. Hakuweka kitu juu ya jiwe lenyewe. Kopo liko kwa mama anayeuza vitumbua chini, na ili upewe lazima ujibu ni kilele kipi kinaonekana upande gani. Mwewe alijibu kwa kununua vitumbua vinne. Akapewa.

La kuandika kwa uangalifu ni hili lingine. Parachichi alikuja kwa shingo upande, akiwa ameambiwa tu kwamba binamu yake wa rika lake atakuwapo. Jumamosi tulikwenda makumbusho ya Kalenga, na alipokuwa mbele ya fuvu la Mkwawa alianza kuandika kwenye kiganja. Usiku alituonyesha fumbo. Mkwawa alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani, na fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Toa mwaka wa kwanza katika wa pili, na 56 unayoipata ndiyo tarakimu mbili za mwisho za latitudo ya kopo la saba. Tarakimu nyingine amezificha kwenye maswali matatu ambayo hayajibiki kwa intaneti, sharti uende ukahesabu kwa macho yako. Baba yake alishindwa swali la pili. Sijamwona binti huyu akiwa na furaha ya namna ile tangu Mei.

Nilichojifunza kama mzazi ni kidogo na cha vitendo: huyu hataki kutafuta, anataka kuficha. Kuanzia sasa kazi ya mafumbo ni yake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Hesabu. Tangu Juni tumetumia shilingi 386,000. Makopo, mabomba, rangi na penseli ni 21,500. Zilizobaki ni nauli, mafuta ya gari la shemeji, bando na chakula cha njiani. Mchezo unasifiwa kwamba ni wa bure, na kwa mtu mwenye makopo ya watu wengine nyuma ya nyumba yake huenda ni kweli. Kwetu kopo moja limekula wastani wa zaidi ya elfu hamsini. Nimependekeza safari ndefu iwe moja kwa muhula, na misako mingine iwe ya kufika kwa miguu au kwa daladala moja. Mume wangu amekubali kabla sijamaliza sentensi, jambo lililonifanya nishuku kwamba alikuwa na hesabu yake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siafu, kopo la kivuko. Shemeji aliingiza mkono bila kutanguliza fimbo. Hakuna zaidi la kuandika, ila kwamba watu wazima wanavua mashati haraka kuliko nilivyodhani, na kwamba fimbo sasa ni sheria kwa wote, wapima ardhi wakiwamo.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua zimeanza. Tumefanya ukaguzi wa mwisho wa msimu. Kopo la kwanza ni kavu. Fundi baiskeli ameongeza ndani yake kiraka na gundi, na daftari lina majina kumi na manne ya watoto wa mtaa tusiowajua. La pili tumelihamisha kutoka kwenye gogo, siafu hawajahama. La tatu litabaki chini mpaka Mei kwa sababu njia ya Loleza inateleza na sitaki mtoto apande huko na radi. La tano halilowi. Ya Iringa dada anayaangalia.

La nne nilitaka tulichukue, kwa kuwa Rungwe mvua yake ni nyingine na karatasi haiwezi kupona. Nilimpigia mama ili amwambie bibi alifunge na kutuwekea. Alicheka. Alisema watoto wa shule hupita kwa bibi kila Ijumaa wakitoka darasani, wanasalimu, wanaonyeshwa uchaga wa kuni, na kila wiki bibi hulihamisha kopo mahali papya bila kumwambia mtu, mama yangu akiwa mmojawapo wa wasioambiwa. Simu hawatumii. Bibi ameagiza daftari jingine, na penseli mbili, ya kwanza imeisha mpaka kwenye bati.

Kiazi amezichonga. Ziko kwenye mkoba wangu pamoja na daftari, na basi la kesho ni la saa kumi na mbili asubuhi.